Jeneza Langu Darini kwa Regina

Mjane wa Stellenbosch haolewi hivi hivi. Kwanza karani aje aandike mali ya marehemu, kijiko kwa kijiko, ili warithi wasidhulumiwe, na karatasi ipelekwe ngomeni kwa gavana ikawekwe mpaka kiama. Bila karatasi hiyo mchungaji hafungishi ndoa. Sheria nzuri, sikatai. Ila mimi mwenyewe, nikiwa mtumwa, kabla sijaachwa huru, niliwahi kuandikwa kwenye karatasi ya namna hiyo, kati ya ng'ombe na birika. Makarani sina hamu nao.

Jirani yangu Regina alifiwa na Claas, na sasa alikuwa amempata Jephta, seremala, mwanamume mpole anayecheka kabla mzaha haujaisha. Ndoa ilikuwa Jumapili. Ijumaa asubuhi nilikuwa nimempelekea Regina mayai, nikamwona karani, Hermanus Kluit, anashuka kwenye farasi mapema kuliko alivyoahidi. Nyuma yake wifi mtu, Dorothea, dada wa marehemu. Huyo tangu msiba alikuwa anatafuta sababu ya kuivunja ndoa, maana shamba la kaka yake lilimkaa rohoni.

Na sababu yenyewe ilikuwa jikoni inakunywa uji. Jephta alikuja jana yake kutengeneza dirisha, mvua ikamzuia. Hayo ndiyo niliyoambiwa, nami si mtu wa kuchimbua. Lakini mchungaji wetu akisikia mwanamume kalala kwa mjane kabla ya ndoa, wote wawili wanakaa mwaka mzima kwenye toba ndipo afikirie.

"Bibi Sabina, nimekwisha," Regina akaninong'oneza.

"Hujaisha. Mpandishe darini."

Jephta akapanda ngazi na bakuli lake la uji. Karani akaingia.

"Sufuria ya shaba, moja," akasema huku akiandika.

"Imetoboka," nikamwambia.

"Imetoboka."

"Kitundu ni kidogo," akadakia Dorothea. "Andika kidogo. Kaka yangu hakuwa fukara."

Wakaenda hivyo hivyo, viti, mashuka, kinu, mtego wa panya na panya wake, mpaka Dorothea akaikumbuka dari. Tukapanda wote. Kule juu kulikuwa na mashada ya vitunguu na jeneza. Kwetu si ajabu. Mtu mwenye akili huchonga jeneza lake angali na nguvu, akaliweka darini na kulihifadhia matunda makavu mpaka siku yake ifike. Jephta hakuonekana. Ila pichi kavu zote zilikuwa zimemwagwa sakafuni, na jeneza limefunikwa vizuri. Nikajua alipo.

"Jeneza, moja," akasema karani. "Lifunguliwe, niandike kilichomo."

"Hilo usiliandike," nikasema. "Si la Claas. Ni langu."

Dorothea akacheka. "Lako kwa lipi, mama? Kaka alilichonga kwa mikono yake."

"Alilichonga alipokuwa mwembamba. Umesahau siku ya msiba? Tulimkunja, tukamlaza ubavu, wapi, hakuenea. Kaka yako kazikwa kwenye jeneza langu, Dorothea, na hili ndilo badala yake. Au unataka nikamtoe?"

Karani akajikuna sikio kwa kalamu yake ya unyoya. Akamwuliza Dorothea kama ni kweli. Dorothea akatazama vitunguu.

"Basi si mali ya marehemu," karani akasema, akaufuta mstari, akatia sahihi, akampa Regina karatasi yake. Nikapumua.

"Kama ni lake alichukue sasa hivi," akasema Dorothea. "Lisilale hapa."

Wakaitwa vijana wa karani, waliobaki nje na farasi, na majirani wawili. Walipolinyanyua mmoja akaguna.

"Lina nini humu?"

"Pichi," nikasema.

"Pichi si hizi tunazozikanyaga?"

"Hizo ni za Claas. Beba, mwanangu."

Sasa njia ya kwangu inapita mtoni, na bondeni kwetu jeneza halipiti watu wamekaa. Wanaume wakavua kofia, wanawake wakaacha nguo mtoni, wakatufuata. Mmoja akaanzisha zaburi. Hakuna aliyeuliza kafa nani, kila mtu akiona haya kuwa yeye peke yake ndiye asiyejua.

"Alikuwa mtu mwema," akasema mzee mmoja nyuma yangu.

"Nani?"

"Si huyu."

Regina mwanzoni alikuwa anang'ata kitambaa asicheke. Kisha zaburi ikafika ubeti wa pili, nikasikia mkono wake umekuwa wa baridi ndani ya wangu.

"Bibi, mbona kimya humo ndani?"

"Anajificha, mwanangu. Ulitaka aimbe?"

"Claas naye alikuwa kimya hivi hivi."

Akaanza kulia. Huyu aliyemzika mumewe kwa macho makavu, akalia kwa sauti, akalishika jeneza wabebaji wakashindwa kwenda. Roho iliniuma, jamani, nikasahau kabisa kwamba hakuna aliyekufa.

Mfuniko ukainuka.

"Regina, usilie," akasema Jephta, uji umemgandia kifuani. "Nipo."

Wabebaji wakaliachia. Zaburi ikakatika katikati ya neno, na yule mzee akavuka mto na viatu vyake. Wakati huo huo akatokea mchungaji, kakasirika kwamba watu wanazika bila yeye.

"Mtu huyu katoka wapi?"

"Kwa Regina," akasema Dorothea. "Kalala huko, na sasa mmemwona wenyewe."

Karani akajifuta jasho. Sahihi yake ilikuwa haijakauka.

"Mchungaji, nyumba ile nimeiandika yote mpaka panya. Mwanamume hakuwamo. Huyu katoka kwenye jeneza la Bibi Sabina."

Macho yote yakanigeukia. Mimi nakaa kiti cha mbele kanisani. Tangu nifiwe na mume wangu, hakuna ulimi uliowahi kunigusa. Nikamtazama Regina. Alikuwa amemkumbatia Jephta shingoni, karatasi imekunjika mkononi, na ananitazama mimi.

"Bibi Sabina," akasema mchungaji, taratibu. "Mwanamume huyu ni wako?"

"Ni wangu."

"Tangu lini?"

"Tangu asubuhi."

Akautazama uji kifuani kwa Jephta. "Na unakusudia kumfanya nini?"

"Nimeshamchoka," nikamwambia. "Jumapili namwozesha."