Maziwa ya Terpstra

Kila Jumatano mimi ni baba, si fundi. Siku nyingine huezeka mapaa kwa matete, lakini Jumatano nguo za kazi hubaki kwenye msumari na mwanangu Redmer hubaki mikononi mwangu. Jumatano ile ilikuwa ya kwanza tangu mke wangu Jitske arudi kazini, na Redmer aliitazama chupa kama mtu aliyeletewa sumu. Nikaimba. Nikamzungusha nyumba nzima. Akalia mpaka sauti ikamkauka.

Asubuhi Jitske alikuwa ameniachia neno mlangoni: "Maziwa yangu atayanywa, na kazi yangu siiachi. Usiniambie nichague."

Yeye hupima maziwa ya wafugaji kwenye maabara ya kiwanda cha jibini. Sheria yetu iko wazi: mama anayenyonyesha apewe muda, na chumba kinachofungwa, akamue au amnyonyeshe mtoto. Mkuu wa maabara, Oebele, alimpa stoo ya mabuti isiyo na kitasa. "Mlango uzuie kwa mguu," alimwambia, akacheka.

Aliponipigia simu kunieleza hayo, nilisimama. "Nikaongee naye?"

"Wewe huongei, Hylke, unawaka. Kaa na mtoto. Huyo niachie mimi."

Nikakaa, lakini mchana ulipofika na mtoto hajala, nilimlaza kwenye sanduku la mbele la baiskeli yetu, nikamfunika vizuri, nikakanyaga. Upepo wa huku hutoka baharini, hukuta malisho tambarare tu, kisha hukutana na kifua chako. Niliutukana kwa vina njia nzima, na sikuteremka hata mara moja.

Nilipofika maabara nilimkuta Oebele anafoka kwenye simu, mkononi kashika kichupa cha sampuli.

"Terpstra, umetia maji! Mashine haidanganyi. Protini hakuna, sukari imezidi. Ng'ombe wako unawalisha keki?"

Sauti ya ami yangu Gosse, mfugaji, ambaye jina lake la ukoo Terpstra ndilo letu pia, ilipasuka ndani ya simu mpaka mimi mlangoni nikaisikia: "Maji? Mimi? Ng'ombe wangu wana adabu kukushinda wewe! Njoo uwakamue mwenyewe, kichwa cha jibini!"

Jitske aliinuka kwenye mashine yake. Akakitazama kile kichupa, akalitazama jina lililoandikwa ubavuni, na rangi ikamtoka usoni. Nilidhani atalia.

"Mwache ami wa watu," alisema. "Terpstra huyo ni mimi."

Oebele aliishusha simu. "Wewe umeanza lini kufuga?"

"Namfuga mmoja tu. Yule pale, mikononi mwa baba yake."

Maabara nzima ikageuka. Oebele alimtazama mtoto, akakitazama kichupa, akakiweka mezani polepole.

"Umeyaonja?" Jitske akauliza.

"Kidogo. Si ndiyo kazi yetu?"

Mtu mmoja nyuma ya darubini aliangua kicheko. Jitske hakucheka.

"Nilikamua kwenye stoo yako, mlango nimeuzuia kwa mguu kama ulivyoniagiza. Friji ya chakula kila mtu anaipekua, nikakiweka kichupa changu kwenye friji ya sampuli, nikaandika jina langu. Kukiweka pale ni kosa langu. Stoo ni kosa lako. Na hayo uliyoyamimina mashineni yalikuwa chakula cha mwanangu cha kesho."

Nikafungua mdomo.

"Hylke, nyamaza."

Nikanyamaza. Haikuwa rahisi.

"Ofisi yako ina ufunguo," akamwambia Oebele. "Nipe."

"Lakini nina kikao sasa hivi, Jitske."

"Kifanyie stooni. Mlango uzuie kwa mguu."

Oebele aliwatazama wenzake, akitafuta hata mmoja wa kumtetea. Kisha akatia mkono mfukoni. Mezani, simu ilikuwa bado inapiga kelele: "Nani mwenye maji? Nijibuni!"

Jitske alimnyonyesha mtoto kwenye kiti cha mkuu, mlango umefungwa, mimi nimekaa sakafuni. Redmer alinyonya kwa pupa, kashika kola ya koti jeupe la mama yake. Aliposhiba, Jitske alinirudishia. Mkono wake ulibaki kwenye kisigino cha mtoto.

"Chupa ijaribu tena jioni, leo nachelewa kutoka. Akikataa, mlete. Mimi ufunguo siurudishi."

Akarudi kwenye mashine yake. Hakugeuka nyuma. Nilijua kwa nini, kwa hiyo nami sikumwita.

Jioni Redmer aliisukuma chupa kwa ulimi. Nikangoja. Akaionja, akakunja uso. Kisha akanywa nusu, kanikazia macho muda wote, kama anayenipa ruhusa ya siku moja.

Nilimwandikia Jitske: "Amekunywa."

Jibu likaja baadaye kidogo: "Nami nimekamua. Mlango umefungwa."