Nyasi za Bibi Kokubanza

Mwaka 1953, katika shule ya misheni jirani na Rubya, hapakuwa na msichana aliyemfikia Kokwijuka kwa hesabu. Mwenyewe alilijua hilo. Kwa hiyo Mwalimu Immakulata aliposema kwamba shule ya bweni ya Bukoba imetoa nafasi moja tu kwa darasa lao la nne, Kokwijuka alianza moyoni kukunja nguo zake.

"Lakini masista wa Bukoba hawatazami alama peke yake," mwalimu akaendelea. "Wanauliza pia msichana amewafaa nini watu wake. Jumapili baada ya misa nitawauliza wazee tunaowahudumia."

Darasa zima likageuka kumtazama Theopista. Theopista, ambaye mpaka siku ile alikuwa akijumlisha kwa vidole. Kila Jumamosi kikundi cha wasichana kilikata nyasi na kuwatandikia wazee sakafu zao, na yeye hakukosa hata mara moja. Kokwijuka hakuwahi kwenda. Jumamosi zake zilikuwa za vitabu.

"Ukifika huko uniandikie barua," Kokwijuka akamwambia njiani. "Herufi ziwe kubwa, nisipate taabu kuzisoma."

Theopista akacheka, akidhani ni utani. Kicheko kile kilimkwama Kokwijuka kooni kama mwiba wa samaki. Usiku hakulala. Kila akifumba macho alimwona mwenzake ndani ya sare mpya, na sare ilimkaa vizuri.

Ijumaa alichukua mundu akashuka rweya, kule uwandani nje ya migomba, akachagua nyasi laini kuliko zote. Akazipeleka kwa Bibi Kokubanza, mjane asiyeona, ambaye siku zote alihudumiwa na Theopista. Akazoa nyasi kuukuu, akatandika mpya, nene, mpaka mlangoni.

"Mimi ni Kokwijuka, bibi. Kokwijuka binti Byarugaba."

"Ahsante, mwanangu. Kaa basi, utafune kahawa." Bibi akapapasa kikapu chake kidogo cha kahawa zilizochemshwa na kukaushwa, zile anazopewa kila mgeni kabla ya neno lolote.

"Nina haraka, waitu," akajibu kwa heshima. Alihofia Theopista asije akamkuta. Akiwa mlangoni akageuka. "Usisahau, bibi. Kokwijuka."

Jumapili wazee walikaa nje ya kanisa, na mwalimu akamfikia Bibi Kokubanza.

"Kokwijuka alinitandikia vizuri," bibi akasema. "Nilipokanyaga, mguu ulizama. Sijapata nyasi kama zile tangu mume wangu afe."

Kokwijuka akanyoosha shingo.

"Jina lake alinitajia mara tatu. Kahawa yangu hakuigusa hata mara moja."

Watu wakatazamana. Kwao, anayeikataa kahawa ameikataa nyumba.

"Na Theopista, bibi?"

"Huyo nyasi zake nyembamba, na kusema anasema mno. Lakini kikapu changu yeye ndiye amekimaliza."

Wakacheka wote, na Theopista akajifunika uso kwa kanga. Nafasi ikawa yake.

Januari lori lilimchukua kwenda Bukoba. Kokwijuka hakwenda kumuaga. Alijifanya anapalilia, akalisikiliza likiishia mlimani.

Wiki ya tatu alipita karibu na nyumba ya Bibi Kokubanza, na harufu ya nyasi zilizooza, ambazo hakuna aliyezibadilisha tangu Theopista aondoke, ikamfikia njiani. Akapita. Akarudi. Akaenda kukata nyasi, akatandika bila kusema neno.

"Nani?" bibi akauliza.

"Ni mimi tu, bibi."

"Kaa basi."

Akakaa. Bibi akamwekea punje mbili kiganjani. "Theopista alipenda hizi kubwa. Mtoto yule, nikwambie? Siku moja alikuja na mvua..."

Kahawa ilikuwa chungu, na hadithi za Theopista zilikuwa nyingi. Kokwijuka alitafuna polepole. Punje zilipokwisha alinyoosha mkono, akaomba nyingine.