Dakika ya Arobaini na Moja

Jumanne ya pili ya Februari mwaka 1973, saa nne kasoro dakika tano asubuhi, Biubwa binti Rajabu alikuwa barazani kwake, mtaa wa nyuma ya soko la Bagamoyo, akichagua mchele. Mumewe, Msabaha Kitwana, alikaa upande wa pili na kabureta ya boti mapajani, akiisafisha kwa mafuta ya taa. Ilikuwa mali ya chuo cha uvuvi cha Mbegani, na walikuwa wakiihitaji kabla ya adhuhuri.

Rehani Kombo alitokea kwenye kona ya duka la Mwarabu, amebeba begani bomba la chuma lenye urefu wa kitanda, na ovaroli yake ya buluu ikichuruzika maji. Alikuwa amekufa miaka tisa.

"Hodi hapa," alisema.

"Karibu," Biubwa alijibu. "Ngoja nisogeze ungo, usiniloweshee mchele."

Rehani aliliweka bomba juu ya baraza kwa uangalifu, akajifuta kiganja kwenye ovaroli, jambo ambalo halikusaidia kitu, akamwamkia Msabaha.

"Shikamoo, kaka."

"Marahaba."

"Nimekuja tulipime."

Msabaha hakuuliza ni bomba gani. Lilikuwa na alama ya chaki karibu na ncha moja, na mwandiko ulikuwa wake.

Zamani Msabaha alikuwa baharia wa chumba cha mashine katika meli za mizigo. Mwaka 1954 meli yake ilikwama matengenezoni kwenye bandari moja ya Uingereza, naye akapata kazi katika kiwanda cha hapo, kilichokuwa kikiunda nyambizi, zile meli za kivita ziendazo chini ya maji. Alianza kwa kufagia, akaishia kuwa mpimaji. Kabla nyambizi haijakabidhiwa kwa wanamaji, kila bomba, kila valvu na kila pampu ilibidi ijaribiwe. Bomba lilijazwa maji, presha ikapandishwa hadi kiwango kilichoandikwa, kisha mpimaji akakaa akiitazama geji kwa muda wa saa nzima. Mshale usiposhuka, alitia saini. Ukishuka, bomba lilitolewa. Kazi yenyewe ilikuwa ni kukaa na kutazama, na Msabaha aliipenda.

Mwaka 1959 alimwandikia Bi Mwanahija, mama yake Rehani na jirani yao wa Bagamoyo, kwamba kiwanda kinatafuta vijana wenye mikono mizuri. Amlete Rehani, naye atamtazama kama mdogo wake. Bi Mwanahija aliuza mkufu akampeleka.

Siku moja ya Desemba mwaka 1963, Msabaha alikuwa peke yake na bomba lile. Baridi ilikuwa imemuuma vidole mpaka havisikii. Chumba cha chai kilikuwa ng'ambo ya karakana na kilikuwa na jiko. Mshale ulikuwa umetulia kwa dakika kumi. Hakuna aliyemwambia afanye haraka. Aliyaachia maji, akaandika kwenye fomu dakika sitini, akatia saini, akaenda kunywa chai.

Miezi miwili baadaye nyambizi ilipelekwa baharini kujaribiwa, na Rehani alikuwamo pamoja na mafundi wengine wa kiwanda. Kwenye kina kirefu bomba lilipasuka. Ili kuwaokoa waliobaki, mlango wa chumba alimokuwa Rehani ulifungwa kwa nje. Nyambizi ilirudi juu na watu wote wakiwa hai isipokuwa Rehani na wanamaji wawili. Kamati ya uchunguzi ilikuta valvu ya jirani iko wazi. Rehani alikuwa ameifungua ili yale maji yapate pa kwenda, lakini waliobaki hawakuwapo humo ndani kulijua hilo. Msabaha aliitwa akaulizwa maswali mawili. La kwanza, je, bomba lilipimwa saa nzima? Alijibu, "Ndiyo, bwana." La pili, Rehani alikuwa fundi wa namna gani? Alijibu, "Alikuwa na haraka."

Barua ya kiwanda ilifika Bagamoyo ikasomwa mbele za watu kwenye ofisi ya serikali. Ilisema kwamba Rehani Kombo alifungua valvu kinyume cha amri, akasababisha kifo chake na vifo vya watu wawili. Mwezi uleule watu wa mchumba wa dada yake, Mwaija, walirudisha salamu kwamba wameghairi. Msabaha alirudi mwaka 1968, akiwa na barua ya sifa na saa ya ukutani aliyopewa na kiwanda kwa uaminifu kazini.

Saa hiyo ndiyo waliyoitumia asubuhi ile barazani. Rehani alifunga ncha za bomba, akakaza bolti, akaunganisha geji na pampu ya mkono aliyoitoa mfukoni. Bomba lilikuwa limejaa tayari. Saa nne kamili alipandisha presha, akakaa chini miguu imenyooshwa. Msabaha alikaa mkabala naye. Ilipofika saa nne na dakika arobaini na moja mshale ulitetemeka, ukaanguka, na bomba likapasuka kwa mlio kama wa turubai linalochanwa. Maji ya bahari ya kule alikofia, baridi kama barafu, yakamwagika barazani hadi uani.

"Arobaini na moja," Rehani alisema, akaandika kwenye daftari lake. "Kesho tena, kaka."

Alipolitia bomba begani lilikuwa zima.

Alikuja kesho yake na keshokutwa. Siku ya nne, Bwanausi, balozi wa nyumba kumi, alifika na daftari la wageni. Alitaka kujua kama mgeni analala au anashinda tu.

"Anashinda saa moja," Biubwa alisema.

"Basi hana haja ya kuandikwa," Bwanausi alisema. Akamuuliza Rehani hali, akamwambia amekonda, akaenda zake.

Sada, muuza samaki wa nyumba ya tatu, alikuja na makarai mawili. Aligundua kwamba changu wakilazwa kwenye maji yale ya asubuhi hawaharibiki mpaka alasiri, na barafu wakati ule ilikuwa haipatikani kwa urahisi. Biubwa naye alizoea. Ikikaribia saa nne na dakika arobaini aliingiza mikeka ndani, akaanua nguo za kamba ya chini, kisha akarudi jikoni.

Bi Mwanahija alikuja siku ya tano, alipopata uhakika kwamba si maneno ya watu. Alikuwa amebeba vitumbua kwenye sahani, amevifunika kwa kawa. Alikaa karibu na mwanawe, akamshika mkono wa ovaroli akaukamua, na maji hayakuisha.

"Hujambo, Rehani?"

"Sijambo, mama. Shikamoo."

"Marahaba, baba. Kula."

Rehani alikula vitumbua vitatu. Mama yake alimwacha amalize, ndipo akamuuliza, "Ile valvu uliifungua wewe?"

"Niliifungua."

"Kabla bomba halijapasuka, au baada?"

"Mimi nimekuja kupima, mama," Rehani alisema kwa upole. "Sikuja kutoa ushahidi. Mwenye fomu ni kaka Msabaha."

Bi Mwanahija alimgeukia Msabaha. Alikuwa mwanamke mfupi, na alimtazama bila kupandisha sauti.

"Bomba hili ulilipima wewe?"

"Mimi, mama."

"Ulikaa saa nzima?"

"Nilikaa."

Bomba lilipasuka mbele yao. Bi Mwanahija aliinua miguu maji yapite, akaitazama saa ya ukutani, akamtazama tena Msabaha, akachukua kawa lake.

Alirudi kila siku, na kila siku aliuliza swali lilelile kwa maneno yaleyale. Kila siku Msabaha alijibu, "Nilikaa." Alijibu hivyo mwezi wa Februari na mwezi wa Machi. Rehani hakuwahi kunyanyua uso kutoka kwenye geji. Usiku Msabaha alilala vizuri, na hilo lilimtia aibu zaidi. Alichopoteza ni hamu ya chai. Kila alipoinusa, vidole vyake vilikufa ganzi, akawa hawezi kushika kikombe. Biubwa alianza kumpikia uji.

"Mume wangu," alimwambia siku moja wakiwa wawili, "yule mama ana miaka sabini. Anatembea juani kuja kudanganywa."

"Nitamwambia nini?"

"Wewe ndiye unayejua. Mimi sikuwapo huko."

Ilikuwa wiki ya kwanza ya Aprili, mvua za masika zimeanza. Bi Mwanahija alifika amejifunika kipande cha nailoni. Aliuliza, "Ulikaa saa nzima?" Msabaha alifungua kinywa kusema alichozoea, kikatoka kingine.

"Dakika kumi, mama. Nilikaa dakika kumi. Nikaenda kunywa chai."

Mvua iliendelea kupiga mabati. Rehani alikaza bolti moja.

"Na wakati ule walipokuuliza habari zake?"

"Nilisema alikuwa na haraka."

"Rehani alitembea ana miezi ishirini," Bi Mwanahija alisema. "Darasani alikuwa wa mwisho kumaliza kuandika. Nilikuwa nikimpiga kwa kuchelewa." Akavuta nailoni mabegani. "Basi yaandike hayo. Uyapeleke kule barua ilikotoka."

Msabaha aliandika barua ya kurasa nne kwa Kiingereza, hakuficha jambo, akaituma kwa rejista. Jibu lilikuja mwezi wa Agosti, ukurasa mmoja, karatasi nzuri. Kiwanda kilimshukuru kwa kuwakumbuka. Kilisema kumbukumbu zimeangaliwa upya, na fomu ya jaribio la bomba inaonyesha dakika sitini, imetiwa saini na mpimaji Msabaha Kitwana, ambaye rekodi yake haina doa. Kiwanda hakikuona sababu ya kuutilia shaka ushahidi wa mtu mwaminifu kiasi hicho. Kilielewa uchungu wa kumpoteza rafiki. Faili limebaki limefungwa.

Msabaha alimpelekea Bwanausi ile barua, akamsimulia yote tangu mwanzo, akamwomba awaite watu. Bwanausi aliisoma mara mbili.

"Wazungu wenyewe wanasema hukukosa," alisema.

"Nimekosa, bwana. Mimi ndiye niliyekuwapo."

Bwanausi alimshika bega. "Una moyo, Msabaha. Si kila mtu angejitwika kosa la marehemu."

Habari ilifika sokoni kabla yake. Wanawake waliokuwa wakipara samaki waliacha visu wakamsalimia. Msikitini alipishwa mbele. Alimweleza imamu, akawaeleza wazee wa baraza la kahawa mmoja mmoja, na kadiri alivyoeleza ndivyo walivyomheshimu. Kuhusu Rehani waliendelea kusema walichosema siku zote, ila sasa kwa huruma, kwamba ni kijana aliyekuwa na haraka, lakini Mungu alimjalia rafiki. Wachumba wapya hawakuja kwa Mwaija.

Mwezi wa Septemba Bwanausi alimwendea Bi Mwanahija akamwambia kwamba watu wanashangaa. Anashinda kwenye baraza ya Msabaha, anatumia kivuli chake, mwanawe anakaribishwa pale kila siku na bomba lake, na mpaka leo hajasikika akimshukuru kwa alivyomtetea marehemu. Si vizuri.

Bi Mwanahija alikuja Ijumaa, saa nne kamili. Bwanausi alikuwapo, na Sada na makarai yake, na majirani kama kumi. Rehani alikuwa ameshafunga ncha za bomba na anapandisha presha. Bi Mwanahija alisimama mbele ya ngazi ya baraza. Angeweza kugeuka akarudi kwake, lakini kwake Rehani hakuwa akienda.

"Ahsante, Msabaha," alisema, kwa sauti ambayo wote waliisikia.

Msabaha alisimama. Alisema, "Mama, si kweli, wewe unajua," na majirani wakacheka kwa mapenzi, Bwanausi akatikisa kichwa kwa kustaajabia unyenyekevu wa mtu yule. Bi Mwanahija alikuwa bado amesimama juani, akimtazama, akisubiri kuruhusiwa kupanda.

"Karibu, mama," Msabaha alisema. "Karibu ukae."

Alipanda, akaketi mahali pake karibu na mwanawe, akauchukua mkono wa ovaroli, akaanza kuukamua.