Alama za Chaki Kwenye Chuma

Mchoraji wa vichwa vya fimbo za gofu alimtafutia shemeji yake kazi kwa sababu moja tu: shemeji hakujua kucheza. Karakana ilikuwa inaunda fimbo ya watu wasio na shabaha, ambayo hata usipoupiga mpira kwa katikati ya kichwa chake, bado unakwenda njia nyoofu. Alitakiwa mtu wa kukosea.

"Yaani nalipwa kwa kukosea?" shemeji alicheka siku ya kwanza. "Mwambie dada yako, maana nyumbani nakosea bure."

Kila asubuhi alipiga mipira mia kwenye wavu. Uso wa fimbo ulipakwa unga wa chaki, na kila pigo likaacha doa pale mpira ulipogusa. Mchoraji aliyapiga picha madoa, akaandika tarehe, kisha akarudi mezani kupunguza chuma cha katikati na kuupeleka uzito pembezoni, ili kichwa kisipinduke mpira ukigonga ukingoni.

Mwezi wa tatu wa kazi, madoa yakaanza kuhama. Awali yalitapakaa kama mchele uliomwagika. Sasa yalijikusanya chini, upande wa mpini, na kila wiki yakashuka zaidi. Mpira lakini ulikwenda nyoofu. Mkuu wa karakana alifurahi, na mchoraji akafurahi kumshinda.

Siku moja akamwona shemeji akibadili mshiko mara tatu.

"Umechoka?"

"Mkono wa kushoto umekufa ganzi kidogo. Nimeulalia tu, shemeji."

Akataka kumwambia aende hospitali. Lakini zilibaki wiki mbili za majaribio, na mapigo mabaya kama yale ndiyo hasa aliyoyahitaji. Akamwekea mpira mwingine. Wiki mbili zikazaa sita.

Kisha dada akapiga simu mchana: mumewe ameangusha kikombe, akainama kukiokota, hakuinuka tena.

Hospitalini ikabainika ni uvimbe kwenye ubongo. Daktari akauliza mkono ulianza kulegea lini.

"Wiki iliyopita, labda," dada alisema.

"Mngemleta miezi miwili nyuma, tungeutoa. Sasa umeshaota mizizi."

Mchoraji alikuwa amesimama hapohapo, kaegemea ukuta. Tarehe aliijua.

Shemeji hakumaliza mwezi. Baada ya maziko, mchoraji alikaa siku tisa bila kulala sawasawa, akashindwa kuvumilia. Akazibeba zile picha, akazitandaza kitandani mwa dada.

"Za lini hizi?"

"Zinaanzia miezi miwili kabla hajaanguka."

"Na wewe ulikuwa unaona?"

"Nilikuwa naona, dada."

Dada alizitazama moja moja, bila kulia.

"Husemwa mficha maradhi, kilio humuumbua," alisema mwishowe. "Mume wangu hakuficha, mdogo wangu. Alikuja kukuonyesha kila asubuhi."

Akazikusanya, akazipanga kwa tarehe, akazitia chini ya godoro. Kisha akaenda kumfungulia mdogo wake mlango atoke.

Fimbo iliingia madukani mwaka huohuo, ikagombaniwa. Mchoraji aliomba kuhamishiwa chumba cha kufungashia mizigo, ambako hakuna anayempelekea kitu cha kupima. Kila Jumapili humpigia dada yake. Simu huita weee, hadi inakatika yenyewe.