Dirisha Lisilopigiwa Hodi

Shamimu alikuwa na msimamo mmoja uliowachosha wenzake wote pale ofisini Mikocheni: mtu wa kawaida asisumbuliwe kujua faili lake liko wapi. Liwe ndani ya kompyuta yake, liwe kwenye mtandao huko ng'ambo, yeye linamhusu nini? Alitaka dirisha moja tu, lenye mishale ileile ya kurudi nyuma na kwenda mbele, rangi ileile, na vijalada vilevile vya manjano. Mwaka huo wa 1998 kampuni yao ndogo ilikuwa ikitengeneza programu ya namna hiyo, na sura yake yote alikabidhiwa yeye.

Didas, aliyeandika matumbo ya programu, alijaribu kumbishia.

"Sista, weka basi hata rangi. Cha ndani kijani, cha nje bluu. Na laini ya simu ikikatika, mtu aambiwe."

"Aambiwe ili iweje? Laini za mji huu zinakatika kila saa. Utamtolea maonyo mpaka azime mashine akalale. Programu imtunzie kazi yake, laini ikirudi itume yenyewe."

Didas akanyoosha mikono. Kubishana na Shamimu kulitaka mtu mwenye nafasi, na yeye hakuwa nayo.

Wa kwanza kupewa programu ile alikuwa baba yake Shamimu, Mzee Mbwana, fundi seremala wa Keko. Baada yake ikapelekwa kwenye zahanati moja nje ya mji, iliyotaka kuagiza dawa kwa mtandao badala ya kumtuma mtu mjini.

Mzee Mbwana alikuwa bingwa wa vitanda vya mninga vyenye nakshi. Kama mafundi wote wa Keko, kila asubuhi alivitoa vitanda vyake nje, akavipanga kandokando ya barabara, na jioni akavirudisha ndani. Hayo ndiyo matangazo ya pale, hakuna mengine. Lakini mgongo wake ulishaanza kukataa, na hiyo toa ingiza ilikuwa ikimmaliza. Shamimu alimhurumia. Akampelekea kompyuta kuukuu ya ofisini, akamtengenezea ukurasa wenye picha za vitanda, akaazima waya wa simu wa kuingilia mtandaoni kwa fundi wa jirani, Marselino.

Siku hiyo mafundi walijaa mlangoni. Mzee mwenyewe aliusukuma ukurasa kwa kipanya mpaka kwenye kijalada cha mtandaoni kilichoandikwa "Duniani". Ukatua pale, picha zote zikajitokeza. Watu wakapiga makofi, soda zikaagizwa. Marselino akauchomoa waya wake akaenda zake, maana naye alikuwa akisubiri simu.

Tangu hapo kila asubuhi Mzee alikaa mbele ya mashine, akasema "Hodi" kwa mzaha wake wa kizee, akabonyeza, na vitanda vyake vikatokea duniani. Waya wa Marselino hakuuomba tena, kwa kuwa dirisha halikumdai waya. Pole pole akaacha kuvitoa vitanda nje. Dunia nzima inaviona, alisema, avipeleke kupigwa vumbi la barabarani kwa sababu gani? Wapita njia nao wakawa wanaishia kwa Marselino.

Miezi ikapita. Asubuhi moja Didas alitaka kumwonyesha mgeni ofisini ule ukurasa wa Keko, akamwita Shamimu kando.

"Mbona wa mzee wako haupo?"

"Umekosea anwani."

Akaandika anwani mwenyewe, mara mbili. Haupo. Alielewa papo hapo: siku ile Marselino alipochomoa waya, laini ilikatika katikati ya kutuma, programu ikautunza ukurasa ndani kwa heshima zote, ikawa inangoja laini ambayo hakuna aliyeirudisha. Imefanya kama alivyoiagiza.

Akaenda Keko na mpango wake kichwani. Ataomba waya, atachomeka, ukurasa utatoka wenyewe, na Mzee hatajua kitu.

Ndani ya karakana vitanda vilikuwa vimesimamishwa kwa ubavu, vimebanana mpaka darini.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Wateja hawajaandika bado, lakini mie najua wanaangalia tu kwanza."

Shamimu akatazama meza ya kazi. Palipokuwa na randa ya umeme pamebaki alama ya mafuta.

"Randa iko wapi?"

"Nimeiuza. Wakianza kuagiza ntanunua nyingine."

Ule mpango ukamfia hapohapo.

"Baba, ukurasa haujawahi kutoka humu ndani."

Mzee akaonyesha kioo cha kompyuta. "Na huu?"

"Huo umo kwenye mashine yako. Hakuna mtu mwingine aliyeuona."

"Si tuliuweka Duniani?"

"Laini ilikatika. Dirisha halikukwambia."

"Kwa nini lisiniambie?"

"Mie ndiye niliyelikataza."

Angemfokea ingekuwa nafuu. Mzee alikaa tu, mikono magotini, akivitazama vitanda vyake vilivyokuwa waziwazi kiooni.

"Kila asubuhi napiga hodi," alisema, "kumbe nimo ndani mwenyewe, na najikaribisha mwenyewe."

Shamimu aliona haya mpaka masikio yakamwaka. Akasema ataenda kuuomba waya sasa hivi, haitachukua muda.

"Utauomba. Kwanza njoo ushike huku."

Wakaanza kutoa vitanda. Mzee alikuwa akisimama kila hatua chache kushika kiuno, na Shamimu, aliyevaa viatu vya ofisini, akamngoja. Marselino akawaona kutoka ng'ambo ya barabara.

"Vipi, Mzee! Dunia imekuchoka?"

"Bado haijaniona," alijibu Mzee Mbwana, na akamwita aje awasaidie.

Walipofika kwenye kitanda cha mwisho, Mzee akakiegemea apumzike.

"Shamimu. Hao wengine uliowapa dirisha hili, wao wanajua kama wako ndani au nje?"

Shamimu akaikumbuka ile zahanati, na nesi aliyemshukuru kwa furaha kwamba sasa kuagiza dawa ni kubonyeza tu. Akauachia mguu wa kitanda, akavuka barabara mbio kwenda kuomba simu kwa Marselino aipigie zahanati.