Kwa Kosa Gani?

"Mkamate huyo mama!"

Kidole cha mheshimiwa mkuu wa wilaya kilimwelekea Sada, mkaushaji wa dagaa, aliyekuwa bado amesimama katikati ya mkutano wa hadhara. Watu wote wa mwalo, pale ziwani wanaposhushia samaki, wakageuka kumtazama. Sada alikuwa ameuliza jambo moja tu: chanja zao za kuanikia dagaa zilivunjwa kwa amri ya nani, na mbona hawakuelezwa mapema?

Inspekta Modesta, mkuu wa kituo kidogo cha polisi cha pale, alijua amri hiyo ni yake. Miaka yote ya kazi, amri zilipita mikononi mwake kama maji mferejini. Hakuwahi kuuliza zilikotoka. Akapiga hatua kumwendea Sada. Mama yule hakukimbia wala kulalama. Alivua saa yake ya mkononi, akampa jirani yake, kama mtu aliyekwisha kujua atalala wapi.

Utulivu ule ndio uliomchoma Modesta. Mtu asiye na hatia alikuwa anajiandaa kwenda mahabusu, kwa sababu tu aliyemkasirikia alikuwa na cheo.

Akageuka. "Kwa kosa gani, mheshimiwa?"

"Kanidharau mbele za watu."

"Ameuliza swali. Katiba inampa haki ya kuuliza."

"Leo unanifundisha katiba, Inspekta?"

"Hapana, mheshimiwa." Akabaki amesimama kati yake na Sada. "Nakukumbusha kwamba wewe na mimi tuliapa kuilinda. Madaraka yako yametoka humo. Magwanda yangu haya yametoka humo. Na huyu mama naye yumo humohumo."

Hakuna aliyepiga makofi. Watu walimtazama mheshimiwa, naye akaonekana ghafla kuwa mtu wa kimo cha kawaida, aliyelowa jasho shingoni. Akaingia garini na kubamiza mlango. Vumbi likatimka nyuma yake.

Sada akamsogelea Modesta. "Mwanangu, watakuhamisha."

"Huenda, mama. Lakini leo utalala kwako."

Alipoyasema hayo, Modesta alijisikia mrefu, kana kwamba magwanda yale yalikuwa yameshonwa upya kwa kipimo chake. Hofu ilikuwapo bado, ila haikuwa tena yenye kumwongoza.

Simu yake ikaita. Jina la mkubwa wake wa kazi likajitokeza kwenye kioo. Wanawake wakaushaji wa dagaa wakamsogelea. Modesta akaiweka kofia yake sawa, akasimama wima akilitazama ziwa, akapokea, akataja cheo chake na majina yake yote mawili bila kuipunguza sauti.