Nyama ya Kigoma

Kila siku saa kumi alasiri Cansilde, ambaye majirani walimwita Mama Dative kwa jina la mwanawe, aliwasha makaa nyuma ya kabare, baa ya mumewe Evode, pale mtaa wa Nengo karibu na mpaka wa Goma, akapanga nyama ya mbuzi kwenye vijiti: vipande vitano, kitunguu katikati, ini mwishoni. Kazi hiyo aliifanya kwa miaka ishirini na sita. Wanaume walikula, wakaramba vidole, wakaagiza vingine. Yeye alikula maharage.

Mwaka wa 1999 alikwenda Kigoma kwenye harusi ya binti wa dada yake. Huko alipakuliwa wali wenye nyama laini, uliotiwa iliki na mdalasini, na alipoonja tu machozi yakamlengalenga. Mgeni haulizi alichopakuliwa. Alikula, akashukuru, akapanda basi la kurudi. Walipofika Kibondo, ndevu tatu zilikuwa zimemwota kidevuni. Abiria wa pembeni yake alimwazima kioo.

Nyumbani hamu ya nyama ile ilimganda kama ruba. Alimtuma jirani yake Saidati, aliyevuka mpaka kila asubuhi kuuza vitunguu Goma, amletee nyama za huko. Saidati alileta sungura, kanga, nyama ya porini iliyokaushwa kwa moshi, hata moja ambayo muuzaji mwenyewe hakuijua jina. Cansilde alizionja zote kwa adabu, akatikisa kichwa. Ndevu zilibaki tatu, na Jumapili alizifunika kwa kitambaa akaenda misa.

Wiki ya tatu Saidati alichoka. "Ile nyama ilikuwaka namna gani?"

"Laini. Inanukia kidogo, kama koti ya Evode akitoka kabare."

Saidati akamtazama kidevu. "Mama Dative, ile ni mbuzi."

"Mbuzi? Mi sijakulaka mbuzi hata siku moja! Bibi yangu alisema mwanamuke akikula mbuzi, inamuotesha ndevu."

"Bon. Na hizo ni nini?"

Cansilde akaenda jikoni, akachomoa kipande kwenye kijiti, akakila. Ilikuwa ndiyo yenyewe. Akala cha pili, cha tatu. Ndevu zikamshuka hadi kwenye kola. Alilia kwa uchungu wa miaka yote aliyosimama kwenye moshi ule akiwalisha wengine.

Evode alimkuta hivyo, na hakufoka. Alimpenda mkewe, na Nengo nzima ililijua hilo. Wateja nao walikuja kuulizia mishikaki yao, wakamwona, wakampa pole na kazi. Wao walikuwa na ndevu tangu ujanani, na hakuna aliyewahi kuwauliza walikula nini.

Siku hizi kila asubuhi Evode huchemsha maji, humkalisha mkewe uani, humpaka sabuni na kumnyoa polepole, akivuta ngozi kwa kidole gumba asije akamkata. Cansilde hufumba macho. Tangu waoane hajawahi kushikwa uso hivyo, na anafurahi kama msichana. Alasiri mumewe humchagulia kijiti kilichonona kuliko vyote, akamwekea kando.

"Kula, Mama Dative," humwambia. "Lakini humu jikoni tu. Watu wasikuone."

Cansilde hufunga mlango, akala amesimama, upesi upesi, kabla wateja mezani hawajamwita.